Kompyuta Ilisema Saa Mbili na Dakika Kumi

Nilinyoosha kidole!

Mbele ya watu tisa waliokaa kwenye viti vya mbao, nilimnyooshea kidole mwanaume aliyebakiza wiki tatu tu anioe.

"Ufunguo nilimpa huyu," nikasema.

Audax hakukasirika. Hakushangaa hata. Aliniangalia kwa muda mrefu sana... halafu akawageukia wale watu tisa.

"Ni mimi," akasema. "Msimsumbue mtu mwingine."

Mie sikulia. Nawaambia mapema ili msinisubirie machozi humu. Toka siku ile mwili wangu ulikufa ganzi, na mpaka leo nikiisimulia habari hii ni kama namsomea mtu gazeti.

Haya, sogeeni. Ni mwaka 1998. Wengine wenu mlikuwa hamjazaliwa, na wengine mlikuwa mnanyonya, kwa hiyo msije kujifanya mnajua.

Naitwa Sekela, Mnyakyusa wa Tukuyu. Nilikuwa karani wa ofisi ya utumishi kwenye kiwanda kimoja cha vifungo na zipu kule Mikocheni. Kilikuwa cha serikali, na mwaka ule ndio kilikuwa kinauzwa kwa mwekezaji. Siku zile ukisikia tu neno mwekezaji, ujue kuna watu wanapunguzwa kazini.

Ofisini tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Mwanabaraka, katibu muhtasi, mtoto wa Temeke ambaye hata babu yake kazaliwa Temeke. Meza zetu zilitazamana miaka minne. Vitumbua vya mama yake nilikuwa nakula peke yangu, sigawii mtu.

Bosi wetu alikuwa Bwana Kamugisha, meneja utumishi. Huyu alivaa suti hata joto la Februari.

Na Audax alikuwa fundi mitambo, kule chini kwenye mashine za zipu. Muhaya, lakini hajui kujisifu! Wenzake walimtania kwamba si wa Bukoba huyu, kaokotwa njiani. Alikuwa anacheka tu. Tulishavalishana pete ya uchumba, kanisa lilishatangaza mara moja.

Sasa, mwezi wa sita mwekezaji akatuletea zawadi.

Laptop!

Nyeusi, nene kama tofali, mpya kabisa, bado ina nailoni. Imetoka Dubai. Kiwanda kizima kilipanga foleni kuja kuichungulia, na Bwana Kamugisha akaamuru kila anayeingia ofisini avue viatu.

Tukaiwasha... Kiarabu kitupu!

"Mwanabaraka, wewe si umesoma chuo cha Kurani?" bosi akasema. "Tusomee hapo."

Mwanabaraka akajitanda mtandio vizuri, akasogea, akaanza kusoma neno moja moja.

"Haya, inasemaje?"

"Inasemaje? Bosi, mie nilifundishwa kusoma. Hii mashine inataka nini, sijui!"

Tulicheka siku ile mpaka bosi akalegeza tai.

Mie nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta wiki sita mjini. Kwa hiyo kazi ikaniangukia: kufuta kila kitu na kupiga Windows upya, ya Kiingereza. Naomba niwaeleze kidogo hapa, maana hapa ndipo nilipojichimbia shimo.

Nikaazima CD kwa mwalimu wangu wa kozi, pamoja na disketi ya kuwashia. Saa moja asubuhi nikaanza. Nikaandika amri ya kufomati. Mashine ikaniuliza, herufi nyeupe kwenye giza: vyote vilivyomo vitapotea, niendelee?

Nikabonyeza Y. Mwanabaraka akaziba macho kwa mikono miwili.

"Shoga, umeiua!"

"Tulia wewe."

"Zawadi ya watu, Sekela! Mpya!"

Ikachukua muda wake. Ikauliza jina langu. Ikauliza jina la kampuni. Ikataka namba za kwenye kava la CD. Nikatafuta Dar es Salaam kwenye orodha ya miji, haipo, nikachagua Nairobi shingo upande.

Mwisho ikataka tarehe na saa. Yenyewe ilikuwa inasema mwaka 1980. Saa yangu ya mkononi ilikuwa kwa fundi. Basi nikatega sikio, redio ya kantini ikapiga mlio wake na mtangazaji akasema, "Sasa ni saa nne kamili asubuhi."

Nikaandika 4:00. Na asubuhi ni AM, nani asiyejua? Nikaweka AM.

Wajanja mmeshaona. Nyamazeni, waachieni wenzenu.

Mie sikuona! Nitaonaje, wakati kila nikiitupia jicho ile saa ya pembeni mwa kioo ilikuwa sawasawa na redio? Redio ikisema saa nane, kompyuta inasema 8. Redio ikisema saa kumi, kompyuta inasema 10, nafungasha naenda zangu nyumbani. Mwanabaraka naye aliisoma hivyo hivyo. Bosi ndiye angeshtuka, maana amesoma Ulaya, lakini yeye hakuigusa hata siku moja. Aliiogopa.

Tena nikaongeza urembo. Nilifundishwa kozini kuweka tarehe na saa chini ya ukurasa, mashine ijiandikie yenyewe. Kila ukichapa karatasi, inaandika saa ile ile unayochapa. Nilijiona mtaalamu!

Jumanne ya tarehe 14 Julai bosi akaniita.

"Sekela, funga mlango. Andika majina haya. Ni siri mpaka Ijumaa."

Ilikuwa orodha ya watakaopunguzwa kazini. Watu sitini na tatu. Ijumaa mkataba unasainiwa, na ukishasainiwa hakuna wa kubisha tena.

Nikaandika. Namba ya kwanza, ya pili... Namba ya arobaini na moja bosi akasoma, "Audax Kasiani, fundi mitambo."

Vidole vyangu vikasimama.

"Kuna tatizo?"

"Hapana, bosi."

Nikaandika Audax Kasiani. Sikukosea hata herufi.

Jioni tulikula mihogo ya kukaanga pale Mwananyamala, mie na yeye, akawa ananieleza rangi ya mapazia. Sikumwambia kitu. Nilikuwa nimeambiwa ni siri, na mie nikiambiwa siri nafunga mdomo hata kama ni kwa mtu nitakayelala naye kitanda kimoja. Nilidhani huo ndio uaminifu.

Jumatano kulikuwa na kikao cha bosi na watu wa mwekezaji, kutwa nzima, na mie ndiye mwandishi wa muhtasari. Nilikaa ukumbini toka asubuhi mpaka saa kumi jioni. Hata wali tuliletewa humo humo.

Saa nne tulipotoka kunywa chai, Audax alinifuata. Macho mekundu, anatetemeka.

"Homa," akasema. "Nikilala hata saa moja itashuka."

Nikampa ufunguo wangu wa ofisi.

"Mwanabaraka akitoka kwenda kula, ingia ujinyooshe nyuma ya makabati. Bosi asikuone."

Alhamisi asubuhi nikafika kiwandani... mashine zote kimya!

Watu wamejaa kantini. Akina mama wanalia. Kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya bei za chakula, imebandikwa orodha yangu. Majina yote sitini na tatu!

Mgomo ukaanza hapo hapo. Watu wa mwekezaji wakafunga vioo vya gari wakageuza.

Bwana Kamugisha akaibandua ile karatasi, akatuita mie na Mwanabaraka.

"Nakala yangu iko kwenye sefu tangu Jumanne. Hii imechapwa upya. Chini imeandikwa nini?"

Nikasoma. 15/07/98 8:10 AM.

"Yaani jana, saa mbili na dakika kumi asubuhi," bosi akasema. "Sekela alikuwa kikaoni na mimi. Ofisini alikuwepo nani?"

"Mimi," Mwanabaraka akasema. Kisha akaichukua karatasi, akaikodolea macho. "Saa mbili?"

"Wewe ndiye unayeulizwa!"

"Bosi, wallahi wabillahi watallahi, saa mbili na dakika kumi sijachapa kitu mie. Nilikuwa nafuta meza!"

Bosi akanigeukia.

"Sekela. Wewe ndiye uliyeitengeneza. Kompyuta inaweza kukosea saa?"

Mwanabaraka akaniangalia. Miaka minne ile, vitumbua vile, vyote vilikuwa kwenye macho yake.

"Hapana, bosi," nikajibu. "Haiwezi kukosea."

Basi. Kabla ya adhuhuri Mwanabaraka alitolewa getini na askari wawili, kikapu mkononi. Barua yake niliichapa mie mwenyewe. Kosa: kuvujisha siri za kazi. Siku zile ukitoka na barua ya namna hiyo, hakuna ofisi itakayokufungulia mlango tena mjini hapa, na nyumbani kwao mshahara ulikuwa ni wake tu.

Nilikaa nikaitazama meza yake. Nilisikia tu baridi kwenye vidole.

Chama cha wafanyakazi kikamkatia rufaa. Kamati ikapangwa kukaa Alhamisi inayofuata, na uamuzi wake ndio wa mwisho.

Sasa sikilizeni. Jumanne mchana akaja mhasibu wa mwekezaji, bwana mmoja wa Mauritius, akanisomea barua ya Kiingereza nimwandikie. Nikaandika, nikachapa, nikampa. Akaisoma mpaka chini, akakunja uso, akaniuliza kwa Kiingereza.

"Hii uliiandika saa mbili asubuhi?"

"Hapana, mzee. Si nimeiandika sasa hivi mbele yako?"

"Hapa inasema saa mbili na dakika tano asubuhi."

Nikaangalia karatasi. 8:05 AM. Nikaangalia saa ya ukutani, mshale mfupi uko kwenye mbili. Saa nane mchana!

Nikakaa chini.

Masaa sita. Kompyuta ilikuwa nyuma masaa sita tangu siku ile niliposikiliza redio. Nilikuwa nimeifundisha kuhesabu saa kwa Kiswahili, halafu bosi akaisoma kwa Kizungu, na mie nikamfuata bila kufikiri! Ile orodha haikuchapwa saa mbili asubuhi. Ilichapwa saa nane na dakika kumi mchana.

Na saa nane mchana kila siku Mwanabaraka anafunga ofisi, anakwenda kusali, anakwenda kula.

Jioni ile ile nikaenda Temeke kwao. Mama yake yuko uani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akaitikia, ila kichwa hakuinua.

Nikamweleza Mwanabaraka kila kitu, toka redio mpaka Mmauritius. Nilitegemea aruke kwa furaha. Hakuruka. Alikaa kwenye mkeka akawa anavuta uzi wa mtandio wake.

"Saa nane?" akauliza.

"Saa nane na dakika kumi."

"Una hakika, Sekela?"

"Hakika! Alhamisi nakwenda kusema mbele ya kamati. Unarudi kazini, shoga!"

Akanishika mkono, mkono wake ni wa moto.

"Usiseme."

"Nisiseme?"

"Mie nimeshazoea. Mwenyezi Mungu atanipa kwingine. Ukisema utaumiza mtu mwingine bure."

Niliondoka pale nikijiambia, angalia moyo wa huyu mtu! Kaonewa, na bado anawahurumia wengine. Nikajiona mdogo kama pilipili kichaa.

Ila njiani lile neno likawa linanichoma. Mtu mwingine. Saa nane na dakika kumi ofisi imefungwa. Funguo ziko tatu. Wa bosi yuko nao kikaoni. Wa Mwanabaraka yuko nao msikitini. Na wa kwangu...

Wa kwangu nilimpa Audax. Na Audax alikuwa kwenye orodha!

Jumatano jioni tukakaa pale pale kwenye mihogo.

"Audax, siku ile ya homa... uliingia ofisini?"

"Niliingia."

"Ulikaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa tisa hivi." Akaacha kutafuna, akaniangalia kwa jicho ambalo sikulielewa. "Kwa nini unaniuliza mimi?"

"Nauliza tu."

"Sekela, mambo ya siku ile tuyaache. Mimi sitamwambia mtu. Tumeelewana?"

Nikasema moyoni, ndiye! Ni yeye, na anataka nimfichie, huku Mwanabaraka analala na barua ya wizi wa siri chini ya mto! Sikuuliza tena. Nikamaliza mihogo yangu, nikanawa mikono.

Alhamisi saa moja asubuhi nikaanza kazi. Nyaraka nikazihamishia kwenye disketi, nikafomati, nikapiga Windows upya kwa mara ya pili. Safari hii nilifika pale inapotaka saa... nikaiacha hapo hapo, nikaibeba laptop mpaka kwenye kamati.

Watu tisa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Polikarpo, mwalimu mstaafu, miwani imefungwa kwa uzi. Bwana Kamugisha pembeni. Mafundi, akiwemo Audax, wamesimama nyuma kama mashahidi wa tabia. Mwanabaraka kwenye kiti peke yake, kichwa chini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Umeleta nini?"

"Mashine inaomba saa, mzee. Naomba uiandikie wewe. Sasa hivi ni saa ngapi?"

Mzee Polikarpo akaangalia saa yake ya mkononi.

"Saa nne na robo."

"Basi iandike hapo."

Akanyoosha kidole kimoja, akabonyeza taratibu. 4:15. Nikamwonyesha pa kuchagua asubuhi, akachagua AM. Akaridhika, akajiegemeza.

"Mzee, na angekuuliza Mzungu, kwa Kiingereza, ungemwambia ngapi?"

"Ningemwambia kumi na..."

Akavua miwani. Akakisogelea kioo tena, akaangalia aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Hata mimi," akasema. "Ualimu miaka thelathini na nne, hata mimi!"

Nikawaeleza yote. Saa mbili ikawa saa nane. Akaitwa Yuliana, mama wa kantini, akasema saa nane Mwanabaraka huwa kwake anakula wali maharage, kila siku, muulizeni mtu yeyote. Hakuna aliyemuuliza Jumatano ile hasa ilikuwaje.

"Mwanabaraka hana kosa," Mzee Polikarpo akasema. "Anarudi kazini leo."

Watu wakapiga makofi. Mwanabaraka akajifunika uso na mtandio, mabega yanacheza. Nikadhani ni furaha.

Ndipo Bwana Kamugisha akasimama.

"Vizuri. Saa nane na dakika kumi, ufunguo wako alikuwa nao nani, Sekela?"

Mengine nimeshawaambia. Nikanyoosha kidole. Audax akasema, "Ni mimi."

Walimfukuza pale pale. Alipokuwa anatoka, wafanyakazi walimbeba juu juu uwanjani wakiimba, maana kwao yule aliyebandika orodha ni mkombozi. Aliponipita alisema, "Wewe baki salama, Sekela." Nikaona ananikejeli. Sikumjibu.

Baada ya siku mbili alipanda gari la Mwanza, akavuka kwenda Bukoba kwao. Pete nilimpa mjomba wake.

Na mnajua nini? Ule mgomo ulisaidia. Mwekezaji alirudi mezani, na sitini na tatu wakapungua wakawa thelathini na moja.

Mie nikabaki kazini. Bosi akanisifia kwa uaminifu wangu mbele ya wageni. Nilikuwa nakwenda, naandika, narudi. Chakula hakikuwa na ladha, na sikukikosa. Watu waliniambia nimejikaza kiume. Sikuwa nimejikaza. Hakukuwa na kitu ndani cha kukaza.

Mwezi wa kumi na mbili ukafika. Mchana mmoja, ofisini, tuko wawili tu, meza zinatazamana.

"Sekela," Mwanabaraka akaniita. "Keshokutwa mwezi unaandama. Sie kabla ya kufunga tunaombana radhi."

"Nimekusamehe, shoga," nikasema bila kuacha kuchapa.

"Hujui ni nini."

"Chochote."

"Sekela, ile karatasi niliichapa mimi."

Nikaacha kuchapa.

"Siku ile sikwenda kula," akasema. "Niliposali nikarudi. Jumanne nilikuona umetoka kwa bosi umepauka, nikafungua kompyuta nikaiona ile orodha. Kuna watu mle walibakiza mwaka mmoja wastaafu! Nikashindwa kula mie. Nikaichapa, kesho yake alfajiri nikaibandika."

"Uliapa, Mwanabaraka."

"Niliapa saa mbili! Bosi aliposema saa mbili nikadhani Mungu kanificha. Saa mbili kweli sikuchapa. Hata mie sikujua ile saa imetoka wapi."

Nikasikia sauti yangu, kama ya mtu wa chumba cha pili.

"Na Audax?"

Akaanza kulia.

"Nilimkuta amelala nyuma ya makabati, homa imembana, meno yanagongana. Nikachukua ile kanga yako uliyokuwa unaiacha kwenye kiti, nikamfunika. Kisha nikaenda kuchapa. Printa ikapiga kelele... akashtuka. Hanioni, makabati yamekinga. Akashika ile kanga, akaita, 'Sekela?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilinyamaza. Akalala tena."

Sasa nyie mnaosoma, pigeni hesabu kama nilivyopiga mie, nimekaa kwenye kile kiti.

Alidhani ni mie! Aliamka amefunikwa kanga yangu, kasikia printa kwa masikio yake, kesho yake orodha iko ukutani na jina lake limo. Akaamini mchumba wake kachoropoka kikaoni, kaiba siri ya bosi ili kumwokoa. Pale kwenye mihogo, alipoahidi hatamwambia mtu, alikuwa ananihakikishia mie. Na mbele ya wale watu tisa, niliponyoosha kidole, akaelewa kwamba nimebanwa, nahitaji mtu wa kubeba. Akabeba!

"Kwa nini hukusema kwenye kamati?" nikamuuliza.

"Alisema mwenyewe ni yeye! Nikaogopa. Mama yangu angekula wapi?" Akajifuta. "Utanisema?"

Nilimwangalia. Niliwahi kumwangalia hivyo hivyo mbele ya bosi nikasema kompyuta haikosei.

"Hapana," nikasema. "Nimechoka kunyoosha kidole."

Nikarudi kwenye kompyuta nikamalizia barua. Sikulia hata hapo.

Nilimwandikia Audax kurasa nne. Majibu yalikuja mwezi wa tatu, mistari michache tu, kwa ule mwandiko wake wa kifundi.

"Nashukuru kujua hukuwa wewe. Miezi yote hii nilikuwa naogopa wasije wakakugundua. Nimeoa mwezi wa kwanza, wazazi walishapanga. Nisalimie Mwanabaraka, mwambie alifanya vizuri, na asante kwa kunifunika."

Barua ninayo. Mwanabaraka naye yupo, ana wajukuu, na ndiye aliyeniambia niiandike habari hii na nimtaje jina. Majuto ni mjukuu, wanasema. Yeye wake anawabeba mgongoni, mie wangu ndio huyu nimempakata.

Watu huwa wanasema fundisho la habari hii ni kutoamini mashine. Sikubali. Mashine ilisema kile kile nilichoiambia. Kompyuta iliulizwa mara mbili, mbele ya bosi na mbele ya kamati, na mara zote mbili niliijibia mwenyewe. Audax nilimuuliza mara moja, tena kwa kuzunguka, eti uliingia, eti ulikaa mpaka saa ngapi. Laiti ningemwambia tu, "Audax, wewe ndiye uliyechapa?" angeshangaa, angeniambia, "Kwani si wewe?" Na mambo yote yangeishia pale pale kwenye mihogo.

Kama una neno na mtu wako, liite kwa jina lake, leo, kabla hamjanawa mikono.

Na mwenye swali kwangu aniulize hapo chini. Ila asizunguke.